Fuvu kwenye Ubao wa Selwick

Kwetu Selwick ukimtaja mtu kwa jina la ukoo, hujamtaja bado. Mhunzi ni Selwick. Mama anayeuza siagi karibu na daraja ni Selwick, na mumewe alikuwa Selwick kabla hawajaoana, na wala si ndugu. Na yule aliyekuwa amelala ndani ya jeneza kule Jumbani mwezi Februari wa mwaka 1834, mishumaa ikiwaka mchana kweupe, naye alikuwa Selwick: Bwana Godfrey Selwick, mwenye mashamba, mwenye misitu, mwenye hata mitaro tunayonyweshea ng'ombe.

Basi msimamizi wa mashamba yake, Bwana Prewett, alipokatiza uwanja wa mabata kwa buti zake safi kwenda kuagiza ubao wa msiba, mlango aliokwenda kubisha ulikuwa wa Selwick mwingine. Huyu aliitwa Keziah, fundi wa rangi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mrefu, mkavu, rangi nyeupe imemganda kwenye mikunjo ya vidole hata sabuni imekata tamaa. Mabango ya vilabu vya pombe alichora yeye. Magari ya farasi ya Jumbani alipaka yeye. Na mbao za misiba za wakubwa wa upande wetu wote wa Lincolnshire, tangu baba yake afe, zilitoka mkononi mwake.

Jina lenyewe halina ajabu, nisikudanganye. Watu wa Jumbani hupenda kusema limetoka ng'ambo, juu ya farasi, na damu ya vita imelirukia. Uongo mtupu! Limetoka kwenye ng'ombe. Zamani hizo hapa palikuwa na zizi la ng'ombe wa maziwa katikati ya miti ya mierebi, na kwa lugha ya watu wale jina halisemi zaidi ya hilo: zizi la mierebini. Majina ya ukoo hayakuwepo. Karani wa mfalme akaja na kitabu chake, akamwuliza bwana wa ngome, "Wewe nani?" "Hugh wa Selwick." Akamgeukia mchunga mabata. "Na wewe?" "Will wa Selwick." Karani akawaandika wote wawili, akaenda zake. Tofauti waliileta wenyewe baadaye, Hugh alipojipatia ngao: nyeupe, mkanda mwekundu umeikatiza, majani matatu ya mwerebi, na juu kabisa, kwenye kofia ya chuma, kishungi chake, mwerebi uliokatwa kichwa ukachipua upya. Will hakupata ngao. Alibaki na mabata wake.

Baba yake Keziah, mzee Amos, aliyachora majani yale matatu maisha yake yote, na kila akilewa alipiga meza pale klabuni: "Sisi na Jumbani damu moja! Damu moja!" Na watu humjibu, "Kama damu moja, Amos, mbona supu mbili?" Kijiji kizima kikacheka. Keziah peke yake hakuwa anacheka, na sababu yake utaisikia.

Bwana Prewett hakukaa. Alisimama katikati ya karakana, mikono nyuma, anaogopa rangi isimguse.

"Bwana aliandika mwenyewe anachotaka," alisema. "Ngao yake na ngao ya kwao Bibi, pamoja, kama kawaida. Nyuma ya ngao upande wake pawe peusi, upande wa Bibi peupe. Kishungi hapana. Mahali pa kishungi weka fuvu."

Keziah alikuwa anasuuza brashi. Akaacha.

"Fuvu?"

"Fuvu la mtu. Unajua maana yake, au nikueleze?"

"Bwana Prewett, nilianza kazi hii wewe hujaota meno. Fuvu maana yake ukoo umekwisha. Aliyekufa ni wa mwisho, nyuma yake hakuna mtu."

"Sasa?"

"Sasa kijiji kizima ni akina Selwick."

"Ah, Keziah!" Msimamizi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Kijiji kizima kina jina. Ukoo ni kitu kingine, mama. Au na wewe una ugonjwa wa mzee Amos? Mazishi ni Alhamisi. Ubao uwe juu ya mlango Jumatano, na usinicheleweshe."

Akaenda zake. Keziah akabaki ameshika brashi inayodondosha maji sakafuni.

Kwetu hata asiyejua kusoma barua anasoma ubao wa msiba. Unatundikwa juu ya mlango wa nyumba ya mkubwa, umesimama kwa pembe, mwaka mzima, kisha unapelekwa kanisani kukaa na wenzake. Upande ulio mweusi nyuma ya ngao, mwenyewe amekufa. Ulio mweupe, mwenyewe yu hai. Kishungi kikiwepo juu, kuna mrithi wa damu. Likiwepo fuvu, basi, funga mlango. Watu husimama chini, wanainua nyuso, wanajua habari zote za nyumba ile bila kuuliza mtu.

Na Keziah alijua kwamba fuvu lile ni uongo. Alikuwa na mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikuwa wa Bwana Godfrey.

Tena si siri ya kupambwa, ni mambo ya watu. Akiwa na miaka kumi na minane baba yake alimpeleka kanisani kufuta vumbi na kurudishia rangi zile mbao za zamani, kumi na moja, zilizopangwa ukutani kama nyuso za wakwe. Bwana Godfrey alikuwa kijana, hajaoa, akija kusimamia kazi isiyohitaji msimamizi. Mwaka uliofuata Keziah alimzaa Ambrose. Watu walisema baba ni askari mmoja aliyepita na kikosi chake kwenda pwani, na Keziah akawaacha waseme. Mtoto alichukua jina la mama, Selwick, kama wote wasio na baba. Kwa hiyo alitembea kijijini miaka kumi na minne na jina la babaye waziwazi, na hakuna aliyestuka, maana hata mfagiaji wa bomba la moshi alikuwa nalo! Kisha Bwana Godfrey akaona njia ya kumweka mbali: akamtafutia nafasi kwa seremala wa meli kule Hull. Neno moja hakumwambia mtoto. Alimpa mkono tu.

Ambrose alirudi mara kwa mara, mabega yamepanuka, ana harufu ya lami, anamwita mama yake "mzee wangu" na kula ratili nzima ya nyama ya nguruwe kwa mkupuo mmoja. Mara ya mwisho ilikuwa kiangazi cha mwaka 1828. Akapanda meli ya kwenda bahari ya kusini ya Ulaya. Barua mbili, kisha kimya. Miaka karibu sita. Keziah kila Jumamosi alitoa shuka za kitanda cha mwanawe, akazianika uani, akatandika tena. Kila tarishi akipita na farasi wake, Keziah husimama mlangoni anajifanya anakung'uta mkeka.

"Hamna, Bi Keziah," tarishi humwambia.

"Nani kakuuliza?" humjibu.

Sasa umeona alichoombwa. Achore kwa mkono wake kwamba mwanawe hayupo. Na lililomtisha zaidi si aibu, ni jambo alilolijua tangu utotoni. Baba yake Amos aliwahi kuchora ubao wa bwana mmoja wa upande wa Spilsby, na ama kwa pombe ama kwa haraka, alipaka weusi pande zote mbili, na mke bado mzima. Ubao ukapanda, hakuna aliyeangalia vizuri. Bibi mwenyewe ndiye aliyeinua macho siku ya tatu, akiwa anashuka kwenye gari, akajiona amekufa juu ya mlango wake. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akalala, na Jumapili ile wakamzika. Mzee Amos hakusahau mpaka kufa kwake. "Ubao hausemi uongo," alikuwa akimwambia binti yake, ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Ukiuambia useme uongo, kuna mtu anakwenda kuusahihisha."

Jumatatu asubuhi Keziah alinyoosha turubai, akapaka weusi upande wa Bwana, akaacha weupe upande wa Bibi Lavinia. Akachora ngao, mkanda mwekundu, majani matatu. Mkono ulikwenda wenyewe. Mchana akachukua chaki, akaanza fuvu.

Kuchora fuvu si kazi. Fuvu halina uso, yote ni mamoja. Lakini hili lilipata uso. Taya likatoka pana, nyusi zikaja mbele, na meno ya mbele yakaachana kidogo kama ya Ambrose. Keziah akalifuta kwa kitambaa. Akaanza upya, makusudi akalifanya jembamba, la mzee. Alipogeuka kuchukua maji na kurudi, lilikuwa pana tena. Akafuta. Mara ya tatu akalichora amefumba jicho moja, kwa haraka, bila kufikiri, na likamtazama hivyo hivyo, na mdomo kama wa mtu anayetaka kuita.

"Usiniite," Keziah alisema kwa sauti. "Mimi sikuiti huko uliko, na wewe usiniite."

Akatoka nje bila shali, kwenye upepo, akasimama kando ya mtaro anatetemeka.

Jirani yake Tabitha Grummit, mwenye klabu ya Bata Mweupe, alimwona kutoka dirishani, akamjia na kikombe cha chai na kipande cha mkate wa zabibu.

"We shoga, utakufa na baridi hiyo. Una nini?"

"Rangi imenipanda kichwani."

"Rangi miaka thelathini haijakupanda, ikupande leo? Wanasema umeambiwa uchore fuvu. Kweli?"

"Kweli."

"Masikini Bibi Lavinia. Ndiyo kusema yule tasa alikuwa yeye, basi tena, imeandikwa juu ya mlango." Tabitha akapuliza chai yake mwenyewe. "Lakini si mimi, jamani. Mimi nilimzalia Grummit saba mpaka akaomba msamaha."

Keziah akacheka, akajistaajabia kwamba amecheka. Kisha akarudi ndani, na palepale, kabla kicheko hakijamtoka, akafanya uamuzi. Alifuta chaki yote. Akachora mwerebi, kishungi cha Selwick, mti uliokatwa kichwa ukachipua upya. Hakuwahi kuuchora vizuri namna ile. Kila tawi alilipa jani lake. Kama ubao hausemi uongo, alijiambia, basi na useme yupo. Na ukisema yupo naye hayupo karibu, kuna mtu atakwenda kuusahihisha: atamshika Ambrose mkono huko aliko, atamleta mpaka mlangoni.

Usimcheke. Wewe ungekuwa mama ungechora msitu.

Jumatano ubao ulikwenda Jumbani umefunikwa gunia. Watu wawili wakapanda ngazi, wakaufunga juu ya mlango, wakavuta gunia. Chini walikuwepo wapangaji wa mashamba, wajakazi, mhunzi, Tabitha na shali lake jipya, na Keziah mwenyewe. Wote wakainua nyuso. Halafu minong'ono ikaanza kupita kama panya kwenye majani makavu.

"Mti."

"Si walisema fuvu?"

"Mti huo. Maana yake kuna mtoto!"

"Mtoto wa nani? Wa Bibi? Na miaka ile?"

"Si lazima wa Bibi, mpumbavu wewe."

Bwana Prewett alitoka ndani anakimbia nusu, uso umekuwa mwekundu kama bitiruti.

"Nani kakuambia mti? Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini? Shusheni hiyo takataka! Keziah, umelewa kama baba yako?"

"Sijalewa."

"Basi umetukana maiti!"

"Uacheni," sauti ilisema nyuma yake.

Bibi Lavinia alikuwa amesimama mlangoni, amevaa nyeusi kuanzia kichwani, mdogo kuliko watu walivyomkumbuka. Alikuwa ametupa kichwa nyuma anatazama ubao. Alitazama kwa muda mrefu mno, mpaka watu wakaona haya wakaanza kuangalia viatu vyao. Kisha akamtazama Keziah. Akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Usingizi gani Keziah angepata? Alhamisi kengele ikalia, Bwana Godfrey akashushwa chini ya sakafu ya kanisa, na Keziah alisimama nyuma kabisa, chini ya zile mbao kumi na moja, anazisikia mgongoni. Moja ndiyo aliyokuwa akiirudishia rangi ujana wake, siku ile Bwana Godfrey alipomshikia ngazi. Alijaribu kumwombea. Alishindwa, akamwombea Ambrose upepo mwema.

Waliporudi, kabla ya chai, mlango wa karakana ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Bibi Lavinia, peke yake, matope yamepanda kwenye pindo la gauni. Alikuja kwa miguu. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yake hakuna aliyewahi kumwona ametembea kijijini kwa miguu.

"Kaa, Bibi," Keziah alisema, akifuta kigoda kwa aproni.

"Nimekaa siku tano karibu na maiti. Nitasimama." Akavua glavu moja, akaivaa tena. "Una mtoto."

"Ninaye."

"Wa Godfrey."

Neno lile halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote hewani, hata na Keziah akiwa peke yake. Aliona jinsi lilivyokuwa dogo.

"Ndiyo, Bibi. Kabla hajakuoa. Kabla, naapa."

"Sikukuuliza kabla au baada." Sauti ya Bibi ilipanda. "Unajua nimemeza nini mimi? Dawa za kila mganga kutoka hapa mpaka mjini Lincoln. Chuma, mizizi, maji ya chemchemi yananuka mayai viza. Mama yake alikuwa akiniita shamba la mawe, mbele ya wageni, mezani! Na yeye yuko pale, anakata nyama, kimya. Alijua. Miaka yote alijua yeye anazaa, akaniacha nibebe lawama. Jana naangalia ule mti wako nikaona ni kofi, lakini kofi la kweli."

"Nisamehe, Bibi."

"Sijaja kwa ajili hiyo." Akasita. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kilimtisha Keziah kuliko hasira, maana kilikuwa huruma. "Anaitwa Ambrose."

"Nani kakutajia jina lake?"

Bibi Lavinia akatoa karatasi mbili kwenye mkono wa gauni. Akatandaza moja juu ya meza, katikati ya vikopo vya rangi.

"Hii ni amri yake ya ubao. Tazama. Mara ya kwanza aliandika miaka kumi iliyopita: kishungi cha mti, kama ilivyo desturi ya ukoo. Niliiona siku ile, nikajua ananifariji, bado anatumaini nitazaa. Mjinga mimi. Hapa chini amekata, akaandika fuvu, na tarehe. Soma tarehe."

"Tisa Novemba, 1830."

"Nilijiuliza, mwezi ule kulitokea nini? Nani aliyemkatisha tamaa? Maana mimi nilikuwa nimeshamkatisha tamaa zamani. Jana baada ya kuona mti wako nikafungua dawati lake, nikatoa kila kilichoingia nyumbani mwezi ule." Akaweka karatasi ya pili, lakini kiganja chake kikabaki juu yake. "Kaa wewe, Keziah. Tafadhali."

Keziah hakukaa. Alikivuta kile kiganja mwenyewe, akakiondoa.

Nje ya barua palikuwa pameandikwa kwa mkono safi wa mtu wa kanisa: Kwa jamaa ya Ambrose Selwick, Selwick, Lincolnshire. Basi. Hapo ndipo ilipopotea. Kwetu sisi wadogo barua zetu lazima ziandikwe mhunzi, au wa darajani, au fundi wa rangi. Barua ya Selwick wa Selwick, bila kingine, tarishi haulizi. Anapitiliza na farasi hadi Jumbani, tangu babu wa babu yake. Ndiyo heshima yao. Kasisi aliyeandika barua ile alikuwa kisiwani Malta, kwenye hospitali ya mabaharia. Angejuaje?

Aliandika kwamba Ambrose, seremala wa meli, alishikwa na homa mwezi Agosti, akafa tarehe mbili Septemba asubuhi, amezikwa kwenye makaburi ya mabaharia, upande unaotazama bahari. Hakuteseka mno. Alizungumza habari za nyumbani, na alimwomba kasisi aandike kwamba anamsalimu mzee wake.

Keziah alisoma mpaka mwisho. Akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Mhuri umevunjwa," alisema.

"Alivunja yeye."

"Akasoma."

"Alisoma. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, tazama mikunjo."

"Miaka mitatu na zaidi." Keziah alikuwa anasema polepole kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Kila Jumapili ananivulia kofia mlangoni mwa kanisa. 'Habari za asubuhi, Bi Keziah.' Nzuri, Bwana. Nzuri! Na barua iko ndani ya dawati lake." Kisha sauti ikampasuka. "Mwoga! Mwoga mkubwa yule, na mwizi! Kaniibia msiba wangu! Mwanangu kafa, na mimi naanika shuka! Kila Jumamosi naanika shuka za maiti, kijiji kinaniangalia, naye anapita na farasi anaziona. Anaziona!"

Alishika kikopo cha rangi nyeusi akakitupa ukutani. Bibi Lavinia hakusogea, ingawa matone yalimfika shavuni.

"Nilidhani fuvu lile anamfuta mtoto wangu," Keziah alisema baadaye, amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Na mimi nilidhani ananifuta mimi." Bibi Lavinia akakaa hatimaye, kwenye kile kigoda. "Alikuwa anamlilia. Kwa njia hiyo ya kwake, bila kumwambia mtu, ili akifa yeye kwanza ndipo tujue. Hata kulia alitaka kulilia mgongoni mwetu."

Wakakaa. Upepo ulikuwa unasukuma mlango. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono; si desturi yetu, na walikuwa na sababu zao.

"Mti hauwezi kubaki," Keziah alisema.

"Kama wataka ubaki, utabaki. Mimi ndiye bibi wa nyumba ile mpaka nife. Prewett nitamnyamazisha."

Keziah alifikiri. Nisikufiche, alifikiri sana. Mti ukibaki, mwaka mzima watu wangeinua nyuso na kusema yupo, yupo mahali. Angeweza kuendelea kusimama mlangoni na mkeka.

"Hapana," alisema. "Hayupo."

Ijumaa ubao ukashushwa, ukaletwa karakana. Keziah aliukwangua mwerebi jani kwa jani, akapaka weusi juu yake, akachora fuvu bila chaki, moja kwa moja kwa brashi. Lilipotaka kuwa na uso, aliliacha liwe nao. Bibi Lavinia alikaa kwenye kigoda muda wote, akimpa vitambaa.

Jumamosi wakaupandisha. Watu walikuwa wengi mara mbili ya Jumatano, maana habari ilikwisha kuvimba. Wengine walitembea kutoka vijiji vya mbali, na Tabitha alileta pipa la bia kwenye toroli. Gunia likavutwa. Wakainua nyuso, wakaona fuvu, na minong'ono ikaanza, safari hii na kicheko ndani yake.

"Kumbe fundi alikosea tu! Rangi imempanda kichwani!"

"Ndiyo kusema, shoga," Tabitha alisema akimgusa Keziah kiwiko, "hakukuwa na mtoto wala nini."

Bibi Lavinia alikuwa mlangoni, anamtazama Keziah. Hakumkataza wala hakumhimiza.

"Alikuwepo," Keziah alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Ambrose wangu." Alisema kwa sauti ya kumfikia mhunzi aliyekuwa nyuma kabisa. "Hakuna askari wala kikosi. Alikuwa wa Bwana Godfrey, na alikufa Malta miaka mitatu iliyopita, na wa mwisho alikuwa yeye. Fuvu lile ni lake."

Hakuna aliyecheka tena. Kisha mhunzi Selwick, mtu mzito asiye na maneno, akavua kofia yake. Selwick wa darajani, mume wa yule muuza siagi, akavua ya kwake. Wakavua mmoja baada ya mwingine, uwanja mzima, hata Bwana Prewett, na wakasimama hivyo vichwa wazi kwenye upepo wa Februari, mbele ya Keziah Selwick, fundi wa rangi. Ndipo akalia.